Je, Wajua? Skrini ya Kompyuta Ikihamia Kwenye Televisheni

Una kompyuta mezani, una televisheni sebuleni, na unataka cha huku kionekane kule: somo la hesabu la mwanao, mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta, picha za harusi ya dada. Unarekodi skrini, unatia faili kwenye flashi, unaichomeka kwenye televisheni, unakaa. Rahisi! Lakini kati ya kitufe na kochi kuna maajabu tele. Sogea karibu, tuanze.

Hesabu za kukutoa jasho

Je, wajua kwamba skrini ya HD kamili ina nukta 2,073,600? Ni mistari 1,080, kila mstari na nukta zake 1,920. Na kila nukta moja inaweza kuvaa rangi yoyote kati ya 16,777,216!

Sasa shika kalamu. Ukirekodi skrini hiyo picha 30 kila sekunde, bila kubana chochote, saa moja itakula gigabaiti 671. Hizo ni DVD 143, na ungeinuka kwenye kochi kubadilisha diski kila baada ya sekunde 25!

Lakini saa hiyohiyo, ikibanwa vizuri, inaingia kwenye gigabaiti mbili na kidogo. Imepungua karibu mara 300! Siri yake? Programu haihifadhi kila picha nzima. Mara nyingi inaandika tu kilichobadilika tangu picha iliyopita. Ukiwa unaandika barua, kilichobadilika ni herufi moja.

Ndiyo maana ukirekodi jedwali la hesabu lililotulia unapata faili dogo, na ukirekodi video ya mvua kwa ubora uleule unapata faili nene. Kila tone linasogea, na kila tone lazima liandikwe. Jaribu uone!

Je, wajua kwamba mtu aliyebuni hesabu ya kubana picha alinyimwa fedha za utafiti? Ni Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas nchini Marekani. Aliomba mwaka 1972, akakataliwa, akaendelea hivyohivyo, na mwaka 1974 yeye na wenzake wakaichapisha. Leo hesabu hiyo na jamaa zake zimo kwenye picha za simu yako, kwenye DVD na kwenye king'amuzi chako.

Hii utaipenda. Video ya HD iliyobanwa kwa mtindo maarufu wa H.264 ina mistari 8 ya siri chini ya picha! Mtindo huo hukata picha katika vipande vya nukta 16 kwa 16, na 1,080 haigawanyiki kwa 16. Basi kompyuta inarekodi mistari 1,088, kisha inaiambia televisheni: hiyo minane ya mwisho usiionyeshe.

Na umewahi kurekodi dirisha moja tu la programu, ukakataliwa bila sababu ya maana? Hebu hesabu upana wake. Mtindo wa kawaida wa kubana video hautaki namba witiri! Nukta 1,365 hapana, nukta 1,366 karibu sana.

Macho yako yanavyochezewa

Je, wajua kwamba katika kila nukta nne za video ya kawaida, rangi inayohifadhiwa ni moja tu? Mwanga huhifadhiwa kwa nukta zote nne, rangi wanagawana. Jicho la binadamu ni hodari wa kuona mwanga na vivuli, lakini kwa rangi ni rahisi kulidanganya.

Unataka kulikamata likidanganywa? Andika maneno madogo mekundu juu ya rangi ya buluu, yarekodi, kisha yatazame kwenye televisheni. Kingo za herufi zimevuja! Sasa andika meusi juu ya meupe: yamekaa imara.

Nyeusi ya kompyuta ni namba 0 na nyeupe ni 255, sivyo? Kwenye video ya televisheni, nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235! Vifaa viwili visipoelewana hapo, nyeusi yako inageuka kijivu na picha nzima inapauka. Televisheni haijaharibika; ingia kwenye mipangilio ya picha.

Na ule mshale wa kipanya? Kwenye kompyuta nyingi haumo kabisa ndani ya picha ya skrini! Kadi ya picha inauweka juu yake dakika ya mwisho. Programu ya kurekodi inalazimika kuuchora upya yenyewe, la sivyo watazamaji wataona vitufe vikijibonyeza vyenyewe.

Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa zinakata kingo za picha, pande zote nne. Watengeneza vipindi wakajiwekea kanuni: maandishi yasitoke nje ya asilimia 80 ya katikati, kwa upana na kwa urefu. Piga hesabu! Asilimia 36 ya picha nzima iliachwa bila neno, na saa ya kompyuta iliyo pembeni kabisa ya skrini ingeweza kumezwa yote.

Televisheni hizo zilikuwa na lingine. Zilichora mistari yenye namba witiri kwanza, kisha zikarudi kuchora ya namba shufwa, zamu 50 kila sekunde! Mstari mwembamba wa jedwali la kompyuta ukiangukia zamu moja tu, unacheza machoni mpaka kichwa kinauma. Dawa ilikuwa kuunenepesha.

DVD je? DVD ya kwetu ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Zidisha kwa tano: 2,073,600, skrini ya HD kamili bila kupungua nukta hata moja! Kwa hiyo ukihamishia skrini yako kwenye DVD, katika kila nukta tano inabaki nafasi ya moja.

VCD, zile diski zilizosambaza filamu nyingi za Bongo, zilikuwa na nukta 352 kwa 288 tu. Skrini ya HD ni zaidi ya mara 20 ya hizo! Na bado tulikaa mbele ya deki tukalia na kucheka.

Sauti ikichelewa kidogo nyuma ya picha, hushtuki. Ikitangulia, unashtuka mara moja! Wataalamu wa matangazo wamepima: sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 mtu anaanza kugundua, lakini ikichelewa anavumilia mpaka kama 125. Sababu unayo: mtu akipasua kuni mbali, unaona shoka likitua kwanza, mlio unafuata.

Wamerekodi skrini kabla yako

Je, wajua kwamba picha za televisheni ziliwahi kurekodiwa kwenye sahani ya santuri? John Logie Baird wa Uskoti alifanya hivyo mwaka 1927, kwa picha yenye mistari 30 tu. Alishindwa kuzirudisha zikaonekana vizuri. Miongo mingi baadaye kompyuta ndiyo iliyozisoma, na nyuso zikatokea!

Mwaka 1947 kampuni ya Kodak ilileta mashine ya kurekodi vipindi. Unajua ilifanyaje kazi? Ilikuwa kamera ya filamu iliyoelekezwa kwenye skrini ya televisheni! Kufikia 1954 mitandao ya televisheni ya Marekani ilikuwa inatumia filamu mbichi nyingi kuliko studio zote za Hollywood kwa pamoja.

Mkanda wa video wa kwanza uliofaa vituo vya televisheni ulionyeshwa na Ampex huko Chicago mwaka 1956. Ulikuwa na upana wa sentimita 5, na kipindi cha saa moja kilimeza mkanda wa mita 1,370! Kwenye kikosi kilichounda mashine ya mkanda huo alikuwamo kijana Ray Dolby. Ndiyo, Dolby yuleyule ambaye jina lake limeandikwa kwenye spika.

Sasa kaa vizuri. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kama 1,000 kipanya, maandishi ya kubofya na kazi ya pamoja ya watu walio mbali. Kompyuta yake ilikuwa Menlo Park, karibu kilomita 48 kutoka pale! Ilivukaje? Kamera za televisheni zilikodolea skrini ndogo za kompyuta, picha ikarushwa hewani na kutua kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Onyesho lile la dakika 90 lilirekodiwa, na hadi leo unaweza kulitazama.

Mwaka uliofuata, binadamu akakanyaga mwezi. Kamera ya kule ilituma mistari 320, picha 10 kwa sekunde, na televisheni za duniani zilikuwa hazielewi lugha hiyo. Wahandisi wakafanyaje? Wakaionyesha kwenye skrini maalumu na kuelekeza kamera ya televisheni kwenye skrini hiyo! Watu zaidi ya milioni 500 walitazama hatua za Neil Armstrong kupitia skrini iliyopigwa picha ikiwa kwenye skrini nyingine.

BBC ilifuta mikanda mingi ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 ili itumike tena. Kilichookoa baadhi yake ni nakala za filamu zilizopigwa kutoka kwenye skrini na kuuzwa nchi za nje. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya tamthilia ya Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria!

Hii itakufanya usimame. Kipindi kimoja cha vichekesho vya Dad's Army kilitengenezwa kwa rangi, ikabaki nakala ya filamu nyeusi na nyeupe tu. Lakini kamera iliyoipiga skrini ilinasa pia vijidoa vidogo mno vya mawimbi ya rangi. Kompyuta ikavisoma vijidoa hivyo, na mwaka 2008 BBC ikakirusha kipindi kile kikiwa na rangi zake!

Watoto wa mama mmoja

Je, wajua kwamba kompyuta nyingi za kwanza za nyumbani hazikuja na skrini? Uliichomeka kwenye tundu la antena la televisheni, ukatafuta stesheni! ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilikuwa na nukta 256 kwa 192 na rangi 15, na michezo yake ilihifadhiwa kwenye kaseti za muziki.

Kompyuta ya Amiga, iliyotoka mwaka 1985, ilizungumza lugha ileile ya televisheni. Ungeweza kuichomeka moja kwa moja kwenye deki ya video na kurekodi skrini yake! Mwaka 1993 filamu ya kwanza ya tamthilia ya Babylon 5 ilionyesha televisheni ya Marekani vyombo vya angani vilivyochorwa kwa Amiga.

Warusi wakageuza mambo. Katika miaka ya 1990 walikuwa na kadi iitwayo ArVid iliyohifadhi mafaili ya kompyuta kwenye deki ya VHS. Mkanda mmoja wa saa tatu ulibeba gigabaiti 2! Ukiucheza kwenye televisheni unaona mvua ya vidoa, kumbe ndiyo kazi yako ya ofisini.

Sauti ya CD ina vipimo 44,100 kila sekunde. Namba ya ajabu, eh? Ilitoka kwenye mikanda ya televisheni, maana sauti za kidijitali zilikuwa zinahifadhiwa humo. Vipimo 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde: 44,100. Kwa televisheni za aina ya kwetu: 3 mara 294 mara 50. Piga mwenyewe, jibu ni lilelile!

Uingereza ilianzisha Ceefax mwaka 1974: kurasa za maandishi zilizosafiri kwenye mistari iliyofichwa juu ya picha ya televisheni. Deki za nyumbani zikazirekodi bila wenyewe kujua. Leo watu wanachukua mikanda ya zamani ya VHS na, kwa msaada wa kompyuta, wanasoma tena habari na matokeo ya mpira ya siku hizo!

Na kwetu? Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuwa na televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994! Kisha, tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, ving'amuzi vikashika usukani, na tangu hapo picha inafika sebuleni ikiwa imebanwa kwa hesabu za kompyuta.

Skrini iliyopanda cheo

Je, wajua kwamba Korea Kusini ilipata stesheni ya televisheni ya michezo ya kompyuta mwaka 2000? Usiku na mchana, watu walikaa nyumbani wakitazama skrini za wachezaji wa StarCraft, na watangazaji wakipaza sauti kama fainali ya kombe.

Mwaka 2006 watengenezaji wa katuni za South Park walichukua sehemu kubwa ya kipindi kimoja kutoka ndani ya mchezo wa World of Warcraft. Wahusika wa mchezo ndio waliokuwa waigizaji! Mwaka uliofuata kipindi hicho kikabeba tuzo ya Emmy.

Mwaka 2015 tamthilia ya vichekesho ya Modern Family ilirusha kipindi kizima ambacho mtazamaji haoni kingine ila skrini ya kompyuta ya mama mmoja aliyekwama uwanja wa ndege. Anapiga simu za video, anafungua kurasa, anatafuta binti yake. Na sehemu kubwa ya picha za waigizaji ilipigwa kwa simu na tableti!

Sasa zamu yako

Kwenye kompyuta yenye Windows 10 au 11, huhitaji kununua chochote. Fungua programu au mchezo, bonyeza Windows, Alt na R kwa pamoja, na kurekodi kumeanza! Kwenye Mac bonyeza Shift, Command na 5. Simu ya Android 11 na kuendelea nayo ina kitufe chake kwenye menyu ya juu.

VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, wengi wanaijua kwa kutazama filamu tu. Kumbe inarekodi skrini pia! Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi karibu na jiji la Paris. OBS Studio, iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012, nayo ni bure, na unaweza kurekodi humo usiku kucha bila kulipa senti.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili la MP4 linaweza kukataa kufunguka lote, hata kama ulisharekodi saa tatu! MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa, na bila faharasa hakuna anayejua pa kuanzia. Rekodi kwa MKV: umeme ukienda, kilichorekodiwa kinabaki. Kisha OBS itakigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi, kwa sababu haibani picha upya.

Flashi yako ina nafasi ya gigabaiti 32, lakini inakataa faili la gigabaiti 5. Je, wajua kwa nini? Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, na humo faili moja halizidi baiti 4,294,967,295. Baiti moja zaidi, haliingii! Likate vipande viwili, uendelee na maisha.

Ukirekodi filamu yenye ulinzi kutoka mtandao wa kulipia, mara nyingi unaambulia weusi mtupu na sauti, au weusi peke yake. Kompyuta haijaumwa. Imeagizwa isikupe picha hiyo, na imetii!

Waya wa HDMI ulianza mwaka 2002, una pini 19, na unabeba picha na sauti kwa pamoja. Unakumbuka nyaya tatu za deki? Wa njano ulibeba picha peke yake, mwekundu na mweupe zikagawana sauti ya kulia na kushoto.

Filamu za sinema zina picha 24 kwa sekunde, televisheni za aina ya kwetu zilitaka 25. Zikaharakishwa kidogo, basi! Filamu ya dakika 100 iliisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zikapanda karibu nusu noti bila wewe kugundua.

Marekani walipoleta rangi mwaka 1953 walipunguza picha 30 kwa sekunde zikawa 29.97, ili rangi isigombane na sauti. Namba hiyo bado imo kwenye programu za kurekodi hadi leo. Ukichanganya 30 na 29.97, baada ya saa moja sauti na picha zimeachana kwa sekunde 3.6! Chagua moja, shikilia hiyohiyo mwanzo mpaka mwisho.

Na hii ya mwisho, ishike vizuri. Televisheni ya 4K ina nukta 8,294,400, mara nne kamili ya rekodi yako ya HD. Kwa hiyo katika kila nukta nne zinazong'aa mbele yako, tatu hazikurekodiwa kabisa! Televisheni inazikisia yenyewe, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, kwa kompyuta iliyomo ndani yake. Ulidhani umetoa picha kwenye kompyuta ukaipeleka kwenye televisheni? Umeitoa kwenye kompyuta moja ukaipeleka kwenye nyingine!